Tommy, Kent na Huyu Kienyeji

Msimu wa maembe ukifika hapa Kiambere, kero yangu si jua wala inzi wa matunda. Kero yangu ni broka. Anaingia shambani simu i sikioni, salamu hajamaliza, anauliza, "Mzee, uko na Tommy ama Kent?" Mgeni akisikia atadhani amekuja kuwatembelea wanangu. Nikimwonyesha mwembe aliouacha marehemu baba, anatikisa kichwa: "Hiyo ni kienyeji tu, mzee. Hiyo kuleni wenyewe."

Hao waheshimiwa, pamoja na wenzao Haden na Keitt, ni maembe yaliyopewa majina ya Wamarekani wa Florida. Haden alikuwa kapteni mstaafu wa jeshi, akapanda kokwa zake Coconut Grove mwaka 1902. Keitt alikuwa mama mwenye shamba Homestead. Tommy Atkins ndiye anayeniudhi zaidi. Miaka ya 1950 embe lake lilipelekwa mbele ya wakaguzi wa huko zaidi ya mara moja, wakalikataa. Lina nyuzi, na utamu wake ni wa kubahatisha. Lakini rangi linayo, na safarini halibonyei, basi wafanyabiashara wakalipenda. Embe lililokataliwa kwao ndilo linalokuja huku kwetu Mbeere kuudharau mwembe wa baba yangu! Na maembe yenyewe asili yake ni Asia. Wenzetu walipanda tu, wakaandika majina.

Ukitoka shambani uende zizini, mambo ni yale yale. Ng'ombe ni Friesian wa Uholanzi, Ayrshire wa Uskoti, au Jersey wa kisiwa cha Jersey, kisiwa kidogo ambacho hakikutosheka na ng'ombe, kikatuvisha na jezi za mpira. Kule Meru mbuzi wa maziwa ni Toggenburg, jina la bonde la Uswisi. Sisi wa ukame tunafuga Galla, nikadhani angalau huyu ni wetu. Ni wetu kweli, ila hilo Galla ni jina ambalo wageni waliwabandika Waoromo, na wenyewe Waoromo hawalitaki. Mbuzi wetu mmoja amepata jina duniani, na jina lenyewe ni tusi.

Umeme nao? Bwawa letu la Kiambere lilianza kuzalisha umeme mwaka 1988, na baada ya mitambo kuboreshwa mwaka 2009 uwezo wake ukafika megawati 168. Mto ni Tana, bonde ni letu, lakini kila wati ni ya James Watt, Mskoti aliyefariki mwaka 1819 bila kuonja maji ya Tana. Mabwawa yenyewe, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yana majina ya hapa. Mradi mzima wakauita Seven Forks. Hesabu watakufanyia wao, maana mimi nikihesabu napata mabwawa matano.

Sasa usiseme Kiingereza hakijachukua majina ya kwetu. Kimechukua, tena kwa pupa. Tatizo ni kile walichoyabandika. Kuna homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931. Kuna ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Kuna inzi wa Nairobi, ambaye si inzi hata kidogo, ni mbawakawa. Mponde shingoni uone ngozi itakavyoungua. Uganda wametoa virusi vya West Nile mwaka 1937, Zika kutoka msitu ulio karibu na Entebbe mwaka 1947, na Bundibugyo mwaka 2007. Wakongo wametoa mto Ebola mwaka 1976. Bwana wa Sandwich akapata mkate, bwana wa Cardigan akapata sweta, sisi tukapata homa. Kitu cha afya tulichopewa ni nyasi za Kikuyu, na hata hizo kuna Waaustralia wanaoziita magugu.

Mwezi wa Mei 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya watu wala mahali. Asante sana. Mlango umefungwa wageni wakiwa wameshakula, na vyombo tumeachiwa sisi.

Lakini nisiwalaumu Wazungu peke yao. Kuna embe lililozaliwa kwetu, pwani ya Kenya upande wa Malindi, tamu, halina nyuzi, na hata broka mwenyewe hulikimbilia. Tulipewa nafasi ya kuliita Malindi, au Mekatilili, au jina la shangazi yeyote wa Kigiriama. Tukaliita Apple. Embe la Mswahili limepewa jina la tunda la baridi ya Ulaya! Hapo mtu hakutunyang'anya kitu, tulijipokonya wenyewe. Mengine yote tukayatupa kwenye gunia moja lililoandikwa "kienyeji": kuku kienyeji, mboga kienyeji, embe kienyeji, utadhani wenyeji hatuna majina.

Basi ndugu msomaji, ukiwa na mti mzuri usio na jina, uite jina la mama yako, au la kijiji chako, kabla broka hajafika. Mwembe wa baba nimeshauita Kiambere, na bei yake ni sawa na ya Tommy. Asiyetaka aende Florida.