Msaidizi Asiyelala Usimpe Funguo Zote

Kidhibiti cha tangi la matumbawe kikifika nyumbani, kiache ndani ya boksi wiki mbili. Kiweke juu ya kabati kizoee hewa ya nyumba, nawe ukae mbele ya tangi na daftari. Kila siku, saa ileile, pima joto, chumvi na ualikali, uandike. Huwezi kumwajiri mlinzi wa shamba ambalo wewe mwenyewe hujui mipaka yake. Atakuuliza mwizi anaingilia wapi nawe utabaki kumtazama.

Tangi langu ni la lita 300, sebuleni, ghorofa ya tatu, Hamburg. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kaboneti, kwa hiyo kila siku huchota kitu majini. Tangi langu hula digrii 0.8 za ualikali kwa siku. Lako huenda likala 0.2, au 2, na hakuna kitabu kitakachokuambia, ila daftari lako. (Digrii zenyewe ni za Kijerumani, dKH, na wafugaji wa matumbawe huzitumia hata katika nchi ambako hakuna anayejua salamu ya Kijerumani.) Maji ya bahari huwa na ualikali wa digrii 7 hivi, kalsiamu karibu miligramu 420 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, chumvi sehemu 35 kwa elfu. Mimi hukaa kwenye digrii 8, na ninachokilinda ni kule kukaa. Tumbawe huvumilia 7.5 au 9 likizizoea. Linalolichosha ni kupandishwa leo na kushushwa kesho.

Mama yangu, aliyeko Tanga, alipoliona tangi kwenye simu mara ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, bahari umeiacha hapa mlangoni, hiyo ya kwenye kioo ya nini?" Nikamwambia, "Mama, huku ukiyataka matumbawe lazima uyalee mwenyewe." Tangu siku hiyo akipiga simu huiulizia "bahari" kama anavyowaulizia wajukuu.

Sasa fungua boksi, umsaili msaidizi wako. Muulize anaona nini. Jibu lake ni fupi: anaona kijiti cha joto, kijiti cha pH na kijiti cha chumvi. Tumbawe hajapata kuliona. Kijiti kikisema uongo, ataufanyia kazi kwa bidii yote usiku kucha. Ndiyo maana kila mwezi mimi hukitumbukiza kijiti cha pH katika maji ya kipimo cha 7, kisha ya 10, nikirudishe kwenye kweli yake; na baada ya mwaka mmoja au miwili hukitupa na kununua kingine, kwa sababu vijiti huzeeka.

Muulize pia atafanya nini pH ikishuka. Hapa ndipo wengi huharibu. Desemba moja tulifanya akika ya mtoto wa rafiki sebuleni kwangu: watu zaidi ya ishirini, pilau, dufu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya theluji. Saa nne usiku simu ikalia: pH 7.75. Msaidizi aliyeamriwa kumimina maji ya chokaa kila pH inaposhuka angemimina mpaka ualikali upasue dari, na ualikali haukuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa pumzi zetu. Hewa tunayoitoa huingia majini na kuyatia uchachu. Nilifungua dirisha moja, wageni wakajifunika kanga na makoti, na alfajiri pH ilikuwa 8.1. Basi mwambie msaidizi aitazame pH na kuiripoti. Asiifukuze.

Baada ya usaili zinafuata funguo, yaani uwezo unaomkabidhi, na sehemu hii isome mara mbili.

Hita ya wati 300 katika lita 300 za maji ya chumvi, kabla ya kutoa joto linalopotea, hupandisha maji karibu nyuzi moja kwa saa. Mimi nilikuwa na hita moja ya namna hiyo. Kidhibiti kiliiwasha maji yakifika nyuzi 25.2 na kuizima yakifika 25.6, na kwa miaka miwili sikuona tatizo. Kisha nikaenda harusini Bremen, nikalala huko. Ndani ya soketi ya kidhibiti swichi iliungua ikagandia kwenye kuwasha. Kidhibiti kilisema "zima", kikaamini imezimwa. Arifa ilinifikia, lakini simu ilikuwa ndani ya koti na koti lilikuwa chumba cha pili na ngoma. Niliporudi Jumapili usiku maji yalikuwa nyuzi 30.4.

Matumbawe ya matawi yalikuwa meupe. Weupe ule si rangi: ni mfupa unaoonekana baada ya mwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama ya tumbawe kutoka. Mwani hao ndio wanaolipa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka hivyohivyo, mengi yakafa. Nilikaa sakafuni mbele ya kioo nikilia, na sioni aibu kuliandika hilo. Viumbe wale hawakuomba kuja ghorofa ya tatu. Niliwaleta mimi.

Kwa hiyo: hita mbili za wati 150, kila moja kwenye soketi yake. Moja ikigandia haina nguvu ya kuyachemsha maji. Moja ikifa, nyingine hushikilia mpaka asubuhi. Kila hita iwe na kidhibiti joto chake cha ndani, nacho ukiweke nyuzi 26.5, juu kidogo ya amri ya msaidizi, ili msaidizi akipotewa na akili awepo mzee wa kumshika mkono. Na jirani awe na ufunguo wa nyumba. Ufunguo huo ndio wa kutoa bila kusita.

Maji ya kujazia yanataka kanuni hiyohiyo. Maji hukauka, chumvi hubaki, na boya likishuka pampu huleta maji matamu. Siku konokono akipanda juu ya boya kutafuta mwani na kulikandamiza, pampu haitasimama. Chombo cha lita 10 kikimwagika chote, chumvi hushuka kutoka 35 hadi kama 33.9, na matumbawe yatanuna tu. Pipa la lita 100 litayaua. Chagua chombo kidogo, ukijaze mara kwa mara kwa mkono wako.

Vivyo hivyo dawa za ualikali na kalsiamu: zisitiwe pamoja, kwa maana zikikutana zingali kali hugeuka chokaa kwenye mabomba. Zigawe matone madogo mchana na usiku, chupa ibebe dozi ya siku chache tu, na kiasi cha juu cha siku kiandikwe ambapo msaidizi hawezi kukivuka.

Kisha chomoa waya. Nasema kwa dhati: Jumamosi asubuhi, umeshakunywa chai, chomoa waya wa kidhibiti huku soketi zikiwa na umeme, utazame. Pampu ya mzunguko inapaswa kuendelea, pampu za dawa kusimama. Halafu zima umeme wa tangi lote, uone maji yanayorudi tangi la chini kama yanaenea au yanafurika kwenye zulia. Pampu ya hewa ya betri iwake yenyewe, kwa sababu maji yaliyosimama huishiwa oksijeni kwa saa chache na samaki ndio wa kwanza kuhema.

Arifa weka tatu: joto, maji sakafuni, umeme kukatika. Ukiweka thelathini utazizoea kama kelele za mtaani.

Katika miaka ya 1960 Lee Chin Eng wa Jakarta alifuga matumbawe kwa mawe hai, maji ya bahari na mapovu ya hewa, bila kidhibiti chochote. Alikuwa na bahari karibu, na alikuwa na jicho. Bahari sina, jicho ninalo, na dakika kumi za jioni kabla taa hazijafifia ni za kulitazama tangi. Kitatange wangu wa manjano akijificha, au tumbawe likifunga vidole mapema, nimejua kabla ya kijiti.

Jana mama alipiga simu usiku.

"Bahari yako imelalaje?"

"Imelala salama, mama. Nyuzi 25.4. Ya kwenu je?"

"Kusi limeshaingia, maji yamepoa. Umemtazama yule wa manjano?"

"Nimemtazama. Ametoka, anakula."

"Haya, nawe kalale."