Dagaa Chini ya Godoro

Kabla hatujapewa mtoto, tulichunguzwa sisi. Afisa ustawi wa jamii alifika kwetu Ujiji, akakagua vyumba, jiko na choo, akauliza riziki yetu inatoka wapi, akaongea na mwenyekiti wa mtaa na majirani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mlezi wa kambo amlishe mtoto, amtibu na kumsomesha kama mzazi, bila kumfanya wake. Kuasili ni habari nyingine, ya mahakamani.

Jina la mtoto silitaji, maana siri yake ni amana kwetu. Ana miaka tisa, ametoka kijiji cha wavuvi kusini mwa Ziwa Tanganyika. Alikula vizuri, alicheka, alichota maji bila kutumwa. Kisha ikaanza harufu. “Mkwe,” mama mkwe akaniambia, “humu ndani kuna kitu kimeoza.”

Jibu lililetwa na paka. Ilikuwa usiku, Mei 2024. Walipenya dirisha la chumba cha watoto, mmoja, kisha kundi zima, wakachana godoro. Mume wangu alikuja na fimbo, mama mkwe na tochi. Paka mmoja akarukia meza, akaangusha dumu la mawese, na mafuta mekundu yakaenea juu ya faili la mtoto: barua ya kumkabidhi, kadi ya kliniki, vyote. Na asubuhi yake afisa alikuwa anakuja.

Chini ya godoro kulikuwa na dagaa wakavu, vifundo kwa vifundo, vingine vimeshika unyevu.

“Mama mkubwa, tarehe kumi na tano ziwa linafungwa,” mtoto alisema, akitetemeka. “Na hapa mko wengi.”

Alisema kweli. Serikali ilikuwa inasimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Kwenye mwalo wa Kibirizi ndiyo iliyokuwa habari. Na mtoto wa mvuvi wa dagaa hafundishwi kuweka akiba: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukipevuka mitumbwi inalala, sufuria nayo inajua.

Mume wangu alitaka vyote vitupwe. Mama mkwe akakataa. Alichambua wazima, akawatia kwenye ndoo yenye mfuniko, akaisukuma uvunguni mwa kitanda cha mtoto. “Hii yako, mjukuu wangu. Hakuna atakayeigusa.”

Afisa alianika karatasi juani, akatusikiliza, akaandika yote. Alisema mtoto aliyewahi kulala njaa huficha chakula hata akiwa ameshiba; tusimpekue, tusimwaibishe. Miezi ile ziwa lilipofungwa tulikula maharage, lakini ndoo haikuguswa.

Sasa mama yake mdogo amepatikana kijijini Kalya. Likizo ataenda kwa boti kumtembelea, na wakizoeana atahamia huko. Mama mkwe hataki kusikia. Kila jioni ananiuliza kwa nini tusimwasili moja kwa moja, nami namjibu kwamba mtoto ana kwao.