Herufi Mbili Zilizoachwa na Mchwa

Jumatatu
Mwalimu mmoja wa Bungoma ameniletea hapa Kitale sanduku la kioo lenye vita ndani. Vijiaskari 31 vya udongo, ukuta wa matope, handaki, na ng'ombe wawili wa plastiki. Wanafunzi walioutengeneza mfano huo walishamaliza shule. Kibao cha jina kimeliwa na mchwa, zimebaki herufi mbili za katikati: MB. Kazi yangu ni kuandika kibao kipya, shilingi 20 kila herufi, tarakimu pia. Nikamwuliza ni vita gani. Akasema, "Si wewe ndiye fundi?"

Jumanne
MSAMBWA ina MB. Nikachora "VITA VYA DINI YA M" kwa rangi nyeusi ya mafuta. Mama Watoto akachungulia akauliza: wale wafuasi wa Dini ya Msambwa waliopigwa risasi na polisi kule Malakisi mwaka 1948, ngome walikuwa nayo wapi? Hawakuwa nayo. Nimefuta kwa mafuta ya taa. Rangi imetoka kidogo, ngozi ya vidole imetoka zaidi.

Jumatano
Yamebaki majina mawili ya ngome, na vita vyake vyote ni vya 1895: LUMBOKA na CHETAMBE. Mchwa alichagua vizuri.

Asili ya ugomvi ni bunduki. Askari wa Kisudani waliotoroka jeshi la Mwingereza waliziuza kwa Wabukusu, na kikosi kilichotumwa kuzirudisha kikauawa. Ndipo ofisa Mwingereza C. W. Hobley, aliyekaa kwa Mumia, mfalme wa Wanga, akakusanya Wasudani, Waganda na watu wa Wanga. Walivunja Lumboka kwanza, kisha wakaifuata Chetambe. Sanduku linakubali: wenye tarbushi nyekundu ni Wasudani (ile nyekundu ni rangi ya kucha, nimeinusa), wenye kanzu ni Waganda.

Mganda mmoja alikuwa amevunjika mkono. Nimemgundisha kwa supaglu, pamoja na kidole changu cha shahada. Chakula cha mchana tumekula wote wawili.

Alhamisi
Nimekwenda Makumbusho ya Kitale kutafuta ushauri. Yalianza na vitu vya Luteni Kanali Stoneham, mlowezi aliyefungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Haya ya sasa yalifunguliwa 1974. Stoneham alipenda sana wadudu. Nimeangalia vipepeo saa nzima, nikakumbuka vita nikiwa tayari nimefika nyumbani.

Ijumaa
Matatu hadi Webuye, boda boda hadi kilimani. Hapa ndipo Chetambe. Handaki bado linaonekana, ingawa majani yamelifunika. Mimi nililiona baada ya kuingia. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi aliningoja nitoke, akaijibu shikamoo yangu, kisha akanieleza: ngome hii ilijengwa na Chetambe mwenyewe, Mtachoni, na niandike hivyo. Kwenye matatu ya kurudi, mama wa Kibukusu alisikia habari zangu akasema waliokufa pale ni wao, ndiyo maana mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapeleka watu wake huko kuwakumbuka. Nami niandike hivyo. Nimewaambia wote wawili bei ya herufi.

Lakini jibu nimelipata. Chetambe iko juu ya kilima, Lumboka ilikuwa chini kwenye tambarare. Ndani ya sanduku kuna kilima. Nimelala mapema.

Jumamosi
Nimenyanyua vijiaskari ili nipanguse vumbi. Kilima ni plaiwudi iliyolowa maji ikavimba. Nimeibonyeza, ikashuka. Tumerudi Lumboka. Baada ya chai imepanda tena.

Jumapili
Vijiaskari ni 30. Aliyepotea ni mzungu. Tumepekua nyumba nzima baada ya kanisa. Amepatikana jioni ndani ya lori la waya la kitinda mimba wetu, akiwa dereva. Kofia imekwisha. Mtoto amelia, imebidi nimpe Msudani mmoja kwa muda.

Jumatatu
Nimepanda matatu ya Bungoma na sanduku mapajani. Kondakta alitaka nauli ya abiria wa pili. Nimemwonyesha kuwa ni vita tu. Akasema vita nayo imekalia nafasi.

Kibao kinasomeka: VITA VYA LUMBOKA NA CHETAMBE 1895. Herufi na tarakimu ni 28, sawa na shilingi 560. Mwalimu amehesabu kwa kidole, mara mbili. Akasema sanduku ni moja kwa hiyo vita ni moja, na analipia Chetambe peke yake: 380. Nimepokea. Msudani bado yuko Kitale.