Spektromita za Nyutroni: Ipi Ingepata Kazi Stendi ya Buzuruga?

Tusidanganyane. Buzuruga, hapa Mwanza, hakuna spektromita ya nyutroni, na Tanzania nzima haina kinu cha nyuklia cha utafiti cha kuilisha. Kwani timu za Ulaya tunazozichambua kijiweni tunazimiliki?

Kwa aliyechelewa darasani: nyutroni unairusha kwenye chuma, betri au plastiki, inagongana na atomu, inatoka na nishati pungufu au ya ziada. Tofauti hiyo ndiyo inayosimulia jinsi atomu zilivyokuwa zikitikisika. Eksirei humwona sangara miiba. Nyutroni hupenya bamba la risasi bila kuomba njia, kisha ikikutana na haidrojeni ya maji na mafuta inapoteza mwelekeo kabisa. Swali letu ni moja: kati ya spektromita zinazoipima tofauti hiyo, ipi ingemaliza wiki stendi?

5. Ya kurudisha nyuma
Fuwele za silikoni huzirudisha nyutroni karibu kule kule zilikotoka. Hivyo hunaswa mitikisiko mivivu mno, ya kiwango cha mikroelektronivolti. Ni fundi, sikatai. Ila umefika mjini, unageuzwa?
*Hukumu:* Angepigwa kabla ya saa nne asubuhi.

4. Ya gama
Najua, si ya nyutroni. Imeingia kwa undugu: Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania hupimia mionzi kwenye vyakula.
*Hukumu:* Upendeleo wa nyumbani. Refa nimemnunulia soda.

3. Ya muda wa safari
Hii ni daladala tupu. Sahani zenye upenyo huzunguka kwa kasi na kuachia nyutroni kwa mafungu, saa inaanza kuhesabu, na vipokezi vinaandika nani kafika lini. Iliyowahi imeongezewa nishati na sampuli, iliyochelewa imenyang'anywa. Nyutroni ya kawaida ya maabara hukimbia mita 2,200 kwa sekunde. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi, ingelimaliza kwa sekunde moja na nusu, mbele ya macho yetu sisi tuliozeekea kwenye foleni ya kivuko. IN5, mojawapo ya aina hii, iliyoko kwenye taasisi ya ILL mjini Grenoble, Ufaransa, ina ukuta wa vipokezi wa mita za mraba 30 hivi. Kuna watu wamepanga vyumba vitatu pungufu ya hapo.
*Hukumu:* Inaondoka kwa saa, haisubiri ijae. Stendi wangeifungia.

2. Ya mwangwi wa spini
Aliyeibuni ni Ferenc Mezei wa Hungaria, 1972. Kila nyutroni ni kasumaku kadogo. Kabla ya kufika kwenye sampuli inazunguka na kuhesabu mizunguko yake. Ikishapita, inaihesabu kinyumenyume. Hesabu ikirudi sifuri, hakuna kilichotokea. Isiporudi, sampuli imekula kitu. Yaani kila abiria anahesabu chenji yake mwenyewe, mara mbili!
*Hukumu:* Makonda wangegoma.

1. Ya mihimili mitatu
Bertram Brockhouse aliiunda Chalk River, Kanada, miaka ya 1950; Nobeli ikamfikia 1994, pamoja na Clifford Shull. Huo ndio usubiri, wewe unalalamikia dakika ishirini za daladala. Mhimili wa kwanza huchagua nyutroni za nishati inayotakiwa, wa pili huigeuza sampuli, wa tatu huhoji zinazotoka.

Shabiki wa namba 3 ameshanyanyuka: hii hupima nukta moja moja, yake huzoa kijiji kizima kwa mkupuo! Kweli. Lakini namba 3 haichezi. Hii ina tani za chuma zinazoelea juu ya hewa na kuserereka kwenye sakafu laini ambayo wenyewe Wajerumani huiita sakafu ya dansi. Bibi harusi wa sendofu akasome.
*Hukumu:* Bingwa. Sakafu yake hutaka jiwe gumu, lililosawazishwa na kung'arishwa. Mawe sisi tunayo mpaka ndani ya ziwa. Bado kinu tu.