Barua ya wazi kwa Ofisi Inayohusika

Kwa:
Ofisi Inayohusika na TEHAMA Shuleni,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: SHUKRANI ZA KISHIKWAMBI, NA OMBI LA MWANAFUNZI KUONESHWA RAMANI KABLA HAJAFELI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mheshimiwa, anayekuandikia ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Utaniwia radhi kwa kutotaja jina kamili la ofisi yako. Kila ninakopeleka jambo hili naambiwa niende ofisi inayohusika, nikaona bora niiandikie yenyewe.

Naanza na shukrani. Vishikwambi vilivyofanya kazi ya Sensa ya Agosti 2022 vililetwa kwa walimu, na mimi nilipata changu. Nakiheshimu sana kwa utumishi wake. Chenyewe na wenzake viliingia mijini na vijijini, bara na visiwani, vikiongozwa na ramani za maeneo ya kuhesabia, vikarudi na idadi ya watu 61,741,120. Baada ya hapo vikahamishiwa ualimu. Tangu kiripoti kituo kipya, kazi kubwa ya kishikwambi changu ni kupiga picha: mafunzo kazini, picha, mgeni akikabidhi madawati, picha, wanafunzi wamekizunguka wakikitazama, picha. Zote zinarushwa kwenye grupu la WhatsApp kuwa ushahidi kwamba TEHAMA inafundishwa. Kifaa kilichotoka kwenye kazi kubwa kama ile ya ramani hakijaulizwa swali hata moja la Jiografia.

Usidhani hatuna ramani. Tunayo, ya fotokopi. Asili yake ni ramani ya topografia ya kipimo cha 1:50,000, yenye rangi zake: mto bluu, msitu kijani, kontua kahawia. Ikatolewa kopi, kopi nayo ikatolewa kopi, mpaka ikatua kwenye steshenari moja ya Mtaa wa Uhuru siku ambayo wino wa mashine ulikuwa unaishia. Kwenye karatasi ninayogawa darasani, mto, barabara na kontua ni mistari myeusi ya aina moja. Mwanafunzi mmoja aliulizwa mto unatiririka kuelekea wapi, akajibu kwamba unapanda mlima. Mwongozo wa usahihishaji unataka sifuri, na sifuri akapata, ingawa kwa karatasi aliyokuwa nayo mto ulikuwa unapanda kweli.

Kuna wakorofi wanaosema, si muwaoneshe kwenye simu? Simu kwa mwanafunzi ni marufuku shuleni, nasi tunatii. Mlinzi wa geti anapekua mabegi kila asubuhi, na hakuna somo shuleni kwetu linalofundishwa kwa bidii ile. Marufuku yenyewe siipingi. Mzazi yeyote anajua kwamba ndani ya simu hamna ramani peke yake. Ninachoomba ni uangalie yanayotendeka nje ya geti hilohilo. Vuka Mtaa wa Lumumba, ingia Mtaa wa Aggrey, simu zimepangwa kuanzia sakafuni mpaka darini. Mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi, Lusaka au Moroni anamaliza kulipia mzigo, anamwambia muuzaji: "Nitumie lokesheni ya godauni." Kijana wa bodaboda anaifungua, anakuza kwa vidole viwili, anaona Mtaa wa Msimbazi umefunga, anachepuka Sikukuu na kutokea Gerezani. Uelekeo, umbali, skeli, alama, njia mbadala: mada nzima ya usomaji wa ramani ameimaliza kabla hajapiga gia ya pili. Vijana kadhaa wa kijiwe chake nimewafundisha mimi. Swali la ramani liliwashinda.

Kwa hiyo utaratibu wetu, Mheshimiwa, ndio huu: njia ya uhakika ya mwanafunzi kuruhusiwa kutumia ramani ya kidijiti ni kufeli ile ya karatasi. Akifaulu, anakwenda kidato cha tano kupokea fotokopi nyingine. Akifeli, anapata pikipiki na setilaiti.

Wako watu waliotaka kuuvuruga utaratibu huu. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, waliingia wakiwa na wakazi katika kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko. Wakachora nyumba, mitaro, madaraja na vichochoro, wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayotumiwa bure na kusahihishwa na yeyote mwenye nia. Kosa lao ni hapo kwenye bure. Kitu cha bure hakina zabuni wala utepe wa kukata, na mgeni rasmi hana cha kukabidhi.

Ramani ile ikifunguliwa darasani, mwanafunzi ataufuata Mto Msimbazi tangu vilima vya Pugu, aupitishe Jangwani, auingize baharini kwenye Daraja la Selander. Ataona kwa macho yake kwamba Jangwani ni njia ya maji. Kisha ataona kwamba katikati ya njia hiyo ndipo ilipowekwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, na ninachohofia ni kwamba atanyoosha mkono kuuliza. Ataelewa pia kwa nini mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwafanya wengine wahamishiwe Mabwepande. Kwa sasa hasumbuki na hayo. Anachokijua ni bonde la mto Tennessee, Marekani, lililoundiwa mamlaka yake mwaka 1933, na faida za mabwawa yake anazitiririsha moja baada ya nyingine, hata siku ambayo amechelewa shule kwa sababu Barabara ya Morogoro imefungwa na maji.

Hata kiwanja chetu cha Mnazi Mmoja, ukikiangalia kutoka angani, kina uchokozi. Upande mmoja ni Kariakoo, mitaa imenyooka na kukatana mraba kwa mraba, mpango ulioanza kupimwa enzi za Wajerumani. Upande wa pili ni mjini, kwenye maghorofa. Katikati umepita ukanda mtupu. Mtoto mwenye akili atauliza: mji ambao hata kibaraza kinakodishwa, ukanda huu ulisalimikaje? Itabidi nimjibu kwamba Waingereza waliuacha wazi makusudi, kuitenga Kariakoo ya Waafrika na Uhindini, kwa kuwa mji huu uligawanywa kwa rangi za watu kabla haujagawanywa kwa kata. Fotokopi haina matatizo ya namna hii. Tangu nianze kuigawa haijamfanya mtu aulize chochote zaidi ya "Mwalimu, hii ni nini?"

Utaniambia mtandao wenyewe hautabiriki. Kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika huko upande wa Afrika Kusini, na siku hiyo hata muuza vitenge wa Mtaa wa Congo alijua kwamba intaneti yake inapita chini ya Bahari ya Hindi. Darasani kwetu tulikuwa tunakariri aina za mikondo ya bahari, hivyo tukio halikutuhusu. Lakini ramani za OpenStreetMap unaweza kuzipakua mara moja, zikakaa kwenye kifaa na kufunguka bila bando. Nimezipakua, kwa bando la mfukoni mwangu, na siombi kurudishiwa.

Kwa kuzingatia hayo, naomba yafuatayo:

1. Kishikwambi kiruhusiwe kufundishia, kwa kipindi kimoja cha dakika 40. Kama kuna wasiwasi wa kiusalama, mlinzi wa geti awepo.

2. Ramani za mazoezi zichapishwe kwa rangi. Rangi ikionekana ni anasa, basi mwongozo wa usahihishaji uitambue rasmi mito inayopanda milima.

3. Kibali cha kutoka na wanafunzi nje ya geti. Tutapita Likoma, Mafia, Pemba na Lindi bila kuondoka Kariakoo, na kila mtaa wautafutie wajina wake kwenye ramani. Tutaliuliza kila lori linakopeleka mzigo, tuchore njia zake hadi Tunduma na ng'ambo ya mpaka. Nilipoomba kibali hiki mara ya mwisho, kilirudi na swali la pembeni kwa kalamu nyekundu: "Ina uhusiano gani na Jiografia?"

4. Semina ya walimu kuhusu ramani za kidijiti isifanyike hotelini Morogoro. Ifanyike Jangwani, mwezi Aprili. Posho iwe buti za mvua.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Jiografia,
Mnazi Mmoja, Dar es Salaam.

Nakala:
Mkuu wa Shule: kwa taarifa.
Mlinzi wa geti: kwa utekelezaji.
Kijiwe cha bodaboda, Lumumba: kwa msaada wa kitaalamu.