Ticha Ametuonea

Watoto wangu wana mama mmoja na mwalimu mmoja, na ingawa wote wawili ni mimi, sifa zetu hazikaribiani. Mama ni mtu wa kuombwa mahamri. Ticha ni mtu wa kusengenywa. Saa sita mchana, madaftari yakishafungwa, Bwana Mkubwa hunifuata jikoni, huegemea friji na kuniambia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Mama, leo Ticha ametuonea." Nami, mwiko mkononi, natakiwa nishtuke. Nisiposhtuka huongeza kwamba mama wa wenzake wangeshavaa mabuibui wakaenda shuleni kuuliza.

Bwana Mkubwa ni kifungua mimba wangu. Dada yake tunamwita Bi Mdogo, jina ambalo tulipaswa kulifikiria vizuri zaidi kabla ya kulizoea. Wageni wasiotujua wakinisikia napaza sauti, "Bi Mdogo, shuka kitandani kwangu!" hunitazama kwa huruma kubwa, na mmoja aliwahi kunishika mkono akaniusia subira.

Mambo yalianza Machi 2020, serikali ilipofunga shule zote za Kenya kwa ajili ya korona. Tulidhani ni wiki chache. Julai waziri wa elimu akatangaza kwamba mwaka huo wa masomo umehesabiwa kuwa umepotea. Lakini kufikia hapo Bwana Mkubwa, aliyekuja nyumbani na begi la vitabu vya Gredi ya Kwanza asivyoweza kuvisoma, alikuwa akisoma kila kilichoandikwa: magunia ya mchele, migongo ya tuktuk, hata maonyo kwenye chupa ya dawa ya mende, ambayo aliyasoma kwa hisia kama tamthilia. Watoto wote waliporudi madarasani Januari 2021, mimi na baba yao tulitazamana, tukawaacha wetu nyumbani.

Watu walituuliza maswali mengi. Mavyaa wangu, ambaye watoto humwita Nyanya na tunayeishi naye hapa Majengo, Mombasa, ndiye pekee ambaye hakuona ajabu yoyote. Yeye alijifunza herufi akiwa amekaa mkekani nyumbani kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, huku mke wa mwalimu akichambua mchele pembeni na kuku akipita katikati ya darasa. "Kwani ile ilikuwa nini?" aliwauliza. Hakuna aliyemjibu.

Tatizo lililonisumbua tangu mwanzo ni cheo. Mtoto akitoka shule akasema "Ticha amesema," hapo hakuna rufaa. Hata baba mtu huinama. Mama akisema, hayo ni maoni tu kama ya mtu mwingine yeyote. Nilijaribu kujipa hadhi. Nilinunua kengele ya mkono. Nilivaa miwani isiyo na kazi yoyote. Wiki moja nzima nilifundisha sebuleni kwangu nikiwa nimevaa viatu vya harusini, hadi mavyaa aliponiuliza kwa upole kama kuna mahali nakwenda na kama nitapitia sokoni.

Juu ya hayo nilikuwa na mshindani. Miezi ile masomo yalikuwa yakirushwa kwenye redio ya KBC, na mwalimu wa redio ana faida ambazo binadamu wa kawaida hawezi kuzifikia. Sauti yake haipandi. Haulizi nani amekula kifutio. Zaidi ya yote, akishauliza swali hunyamaza kidogo ili watoto wajibu, kisha husema "Vizuri sana!" bila kujua wamejibu nini. Bi Mdogo, aliyekuwa na miaka mitano, aligundua siri hiyo mapema. "Tano kujumlisha mbili ni ngapi?" redio iliuliza. "Ng'ombe!" akajibu. "Vizuri sana!" ikasema redio. Akanigeukia na uso wa mtu aliyepata mlezi anayemfahamu. Mimi, kwa jibu lilelile, nilikuwa nimemrudisha kwenye vijiti vya kuhesabia.

Basi tukafika kwenye saa. Aliyewahi kumfundisha mtoto wa Kiswahili kusoma saa ya ukutani anajua shida ilipo. Mkono mfupi uko kwenye saba, wewe unamwambia ni saa moja, na jioni taarifa ya habari ya Kiswahili inaanza saa moja vilevile na mkono uko kwenye saba tena. Bwana Mkubwa aliniuliza kama saa imeharibika. Nikamweleza: kwenye saba toa sita. Kwenye mbili ongeza sita. Kwenye kumi toa, kwenye nne ongeza. Akaniuliza atajuaje lini atoe na lini aongeze. Nilikuwa katikati ya maelezo marefu ambayo hata mimi niliacha kuyafuata, Bi Mdogo alipokuja na kijiti cha mshikaki, akapanda kiti, akakiweka juu ya kioo kikapita katikati. "Si utazame ng'ambo tu," alisema.

Nilisimama pale nikakagua nambari zote. Saba ng'ambo yake moja. Mbili ng'ambo yake nane. Kumi ng'ambo yake nne. Maisha yangu yote nimesoma saa kila siku, na sikuwahi kuona kwamba jibu limekaa upande wa pili likinitazama. Wanaoniuliza napata nini kukaa nyumbani na watoto, huwa nawatajia kijiti kile. Wengi hubadilisha mazungumzo.

Ila elimu ikishatoka mikononi mwa mwalimu hairudi. Ilikuwa Ramadhani, mwezi wa Mei, na Nyanya alikuwa amekaa na tende zake akisubiri magharibi. Hakuwa na miwani. Akamwomba Bi Mdogo amsomee saa. Mkono mfupi ulikuwa unakaribia sita. Mtoto akatazama ng'ambo, akaona kumi na mbili. Sawa kabisa. Mkono mrefu ulikuwa kwenye tisa. Mtoto, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba kanuni yake ina mipaka, akatazama ng'ambo tena, akaona tatu. "Saa kumi na mbili na robo, Nyanya," akasema kwa uhakika, na saa kumi na mbili na robo siku zile ndio hasa wakati wa kufuturu hapa Mombasa. Kumbe ni kasorobo! Tende ilikuwa imeshafika mdomoni nilipotokea mlangoni na kupiga ukelele.

Nyanya aliirudisha sahanini polepole, akasoma astaghfirullahi kadhaa, kisha akauliza, "Huyu nani aliyemfundisha saa?" Watoto wote wawili, kwa umoja ambao sijawahi kuuona wanapogawana chochote, walinielekezea vidole. "Ticha," walisema.

Mengine nitayapitia haraka. Kunde tulizozifunika kwenye pamba mbichi ili tuone zikichipua, Nyanya alidhani zimerowekwa kwa ajili ya chakula, na usiku ule tulikula jaribio letu la sayansi likiwa limeungwa kwa nazi. Lilikuwa tamu. Pamba tuliikuta kwenye jaa. Somo la uchoraji liliishia ukutani kwa mwenye nyumba, na suala hilo bado liko kwenye mazungumzo.

Kusoma ndiko kulikotuletea wageni. Vitabu vya Gredi ya Kwanza vina sentensi za baba na bata, na Bwana Mkubwa alishavichoka, ndipo nilipofungua kasha la kanga za Nyanya. Kitabu kizuri kama hicho sijakiona. Kanga ina jina lake kwa herufi kubwa, sentensi moja fupi, na maneno yenye maana ya kutosha kumfanya mtoto atake kujua nani kamkosea nani. Tulianza na maandishi madogo ya pembeni. "Ma-li ya Ab-du-lla," alisoma, akanyamaza, kisha akamtazama Nyanya kwa mashaka. "Nyanya, Abdulla anajua kama unazo?" Ilibidi nimweleze kwamba hiyo ni alama ya duka la Barabara ya Biashara lililoanza mwaka 1887, na kwamba Nyanya amezinunua zote kwa halali.

Nilichosahau kumweleza ni adabu ya jambo lenyewe. Kanga haisomwi kwa sauti. Aliyeivaa anajua kaivalia nani, aliyevaliwa anajua kavaliwa yeye, na wote wawili huongea habari za bei ya nazi kana kwamba hakuna kilichoandikwa popote. Nyanya na jirani yetu wa mlango wa pili walikuwa na vita vya namna hiyo kwa miezi, kisa kamba ya kuanikia nguo. Asubuhi moja jirani akaja kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu, pita ndani," akasema Nyanya, na kwa bahati ambayo sidhani ilikuwa bahati, akasimama na kujigeuza kidogo.

"HA-SI-DI HA-NA SA-BA-BU," akasoma Bwana Mkubwa kutoka mkekani, kwa sauti ya darasani.

Kimya. Jirani akatazama dari. Ningeweza kumziba mtoto mdomo, lakini alishaiona kanga ya pili.

"U-SI-SA-FI-RI-E NYO-TA YA MWE-NZI-O." Akafikiri. "Nyanya, nyota inasafiriwaje? Kwa basi?"

Jirani ndiye aliyeshindwa kwanza. Alijaribu kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko, Nyanya naye akalazimika kujifuta macho kwa hasidi hana sababu. "Mashaallah, kumbe yuwasoma!" jirani akasema. Akarudi alasiri na sahani ya viazi karai kwa ajili ya msomi. Vita viliendelea wiki iliyofuata, maana kamba bado iko palepale, ila siku hizi mmoja akitaka kumpiga mwenzake kijembe huuliza kwanza mtoto yuko wapi.

Mwisho wa muhula niliwaandikia ripoti. Mtaala wa umilisi hauna nambari ya kwanza wala ya mwisho. Kuna kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa chini ya matarajio. Bwana Mkubwa aliisoma yake mara mbili, akaniuliza ripoti ya Ticha huandikwa na nani. Nikamwambia hakuna. Akaona hilo si haki, akachukua karatasi, wakajifungia chumbani na dadake.

Kusoma hadithi: Ticha amefikia matarajio. Kuimba: yuko chini ya matarajio. Subira: anakaribia. Kupiga kelele: amezidi matarajio. Kwenye nafasi ya mwalimu mkuu Nyanya alikuwa ametia sahihi kwa herufi za Kiarabu, alivyofunzwa chuoni, bila hata kunidokezea. Na chini kabisa, kwa mwandiko wa Bwana Mkubwa, niliomfundisha mwenyewe: *Ticha alete mzazi.*

Nilimpigia mama yangu simu Lamu, nikidhani atacheka. Aliniuliza nimefanya nini tena, kisha akataka apewe watoto, asikie kwao kwanza.