Kilatini cha Bafuni

Mwanamume wa Dar es Salaam anayetaka kujifunza Kilatini hana haja ya kwenda seminari. Asubiri tu mkewe apate ujauzito. Haitapita muda atakabidhiwa mkoba wa vipodozi na kuambiwa awashe tochi ya simu, asome kila kilichoandikwa nyuma ya kila chupa. Akiuliza kwa nini asome yeye, atajibiwa kwamba mama kijacho akikodolea maandishi madogo anatapika. Hoja hiyo haina rufaa.

Ndivyo nilivyopata cheo nyumbani kwangu. Kabla ya hapo sikujua hata kama losheni ina nyuma. Mimi ni mtu wa mafuta ya mgando, kopo moja kubwa, kuanzia utosini hadi kisiginoni, na likiisha nanunua jingine lenye mfuniko wa rangi ileile. Rafu ya mke wangu ni serikali kamili: kuna ya asubuhi, ya usiku, ya kunawia, ya chini ya macho, na moja ambayo kazi yake, nilivyoelezwa, ni kuiandaa ngozi kuipokea ile nyingine.

"Soma taratibu," akaniambia, amejilaza kwenye kochi, feni inampuliza usoni. "Usiruke hata moja."

Nikaanza. Aqua. Akashtuka. Nikamwambia ni maji, akaniruhusu niendelee. Cocos Nucifera. Hapo tulitazamana. Jina hilo lilitutisha wote wawili, mpaka simu ilipotuambia kwamba ni mnazi, yaani mafuta yaleyale ambayo mama yangu amepaka watoto na wajukuu zake wote. Sesamum Indicum ikatoka rumande baada ya kuthibitika kuwa ni ufuta. Tocopherol ikawa vitamini E. Sodium Chloride ilizua mjadala mkali kabla hatujagundua kuwa iko jikoni kwenye kopo la chumvi.

Kusoma chupa kuna faida zake. Nilijifunza kwamba viungo huorodheshwa kwa wingi wake: kilicho kingi hutangulia, na vile visivyofika asilimia 1 hurundikwa mkiani kwa mpangilio wowote. Ndiyo maana mafuta ya thamani yaliyochorwa kwa rangi ya dhahabu upande wa mbele wa chupa moja, nyuma niliyakuta ya pili kutoka mwisho, yameketi baada ya manukato. Mke wangu alinyamaza kidogo. Aliikumbuka bei.

Basi tukafika kwenye krimu ya usiku, na hapo mchezo ukaisha. Katikati ya orodha palikuwa na Retinol.

Hii si ya kucheka, kwa hiyo niiseme vizuri. Retinoli ni ya ukoo wa vitamini A, na ukoo huo una historia mbaya na mimba. Ndugu yake mkubwa, isotretinoini, ni kidonge cha chunusi sugu kilichoanza kutumika Marekani mwaka 1982, na haikuchukua muda kujulikana kwamba akikimeza mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro za moyo, ubongo, uso na masikio. Krimu ya kupaka si kidonge, na kinachopenya kwenye ngozi hadi kuingia kwenye damu ni kidogo sana. Lakini hakuna mtafiti mwenye akili atakayechukua wajawazito awapake kitu cha ukoo huo ili aone kitakachotokea, na kwa kuwa hakuna anayekufa kwa kukosa krimu ya usiku, madaktari wanasema iwekwe kando mpaka mtoto azaliwe. Neno la kutafuta ni lolote linaloanza na "retin", pamoja na tretinoini, adapaleni na tazaroteni.

Ile krimu ilikuwa mpya, imechotwa kwa ncha ya kidole tu. Mke wangu aliiagiza kwa akiba ya miezi. Aliifunika, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akanipa niiweke juu ya kabati. Jioni hiyo hakula.

Kilichotusumbua zaidi ni asidi ya salisiliki, iliyokuwa kwenye sabuni yake ya kunawia uso. Simu yake ilisema ni hatari. Simu yangu ilisema haina neno. Programu moja ya kukagua viungo ikaiwekea rangi nyekundu, lakini programu hiyohiyo ilikuwa imeyawekea manukato yote rangi nyekundu, kwa hiyo mke wangu akaichukua hoja na kuigeuzia kwangu: kama manukato ni mabaya, na tunalala kitanda kimoja, basi ukaguzi uhamie upande wa pili wa rafu. Hivyo ndivyo nilivyopoteza pafyumu yangu. Nilikata rufaa nikisema haikuwa na kosa lolote kwenye maandishi. Akasema kosa lake ni kunuka.

Siku iliyofuata nikatumwa Kariakoo. Uso wa mke wangu ulikuwa umeanza kupata yale mabaka ya ujauzito yanayokaa mashavuni na juu ya mdomo, na jua la Dar halimwonei mtu huruma, kwa hiyo alitaka krimu ya kuzuia jua yenye zinki oksidi. Zinki hubaki juu ya ngozi na kulikinga jua hapohapo, na wajawazito hushauriwa waichague hiyo.

Niliingia duka la kwanza lililokuwa na feni. Nikachukua kopo, nikaligeuza, nikawasha tochi, nikaanza kusoma kwa kunong'ona. Nikapiga picha nimtumie mke wangu. Nikachukua la pili, nikafanya vilevile. Nadhani kwenye kopo la tatu ndipo redio ilipopunguzwa sauti. Binti wa kaunta akamkonyeza mwenzake. Kwa pembe ya jicho nikaona makopo ya rafu ya chini yanahama moja moja kuingia kwenye boksi la biskuti, na boksi likasukumwa kwa mguu hadi nyuma ya pazia.

Mwenye duka akatokea akiwa amevaa tabasamu. Akanipa kiti.

"Karibu sana, mzee. Maji au soda?"

"Soda."

"Vibali vyetu vyote vipo, afisa. Nikuletee faili?"

Ndipo nilipoelewa kwamba nimeshateuliwa kuwa mkaguzi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na mtu mzima mwenye shati la kuchomekea anayesoma nyuma ya makopo kwa tochi ana uwezekano mkubwa wa kuwa anatoka huko kuliko kuwa mume wa mtu.

"Mke wangu ni mjamzito," nikasema.

Akatafakari jibu hilo kana kwamba nimetaja kifungu cha sheria. Kisha akacheka mpaka akashika meza, akalipigia kelele boksi lirudi. Lilirudi nusu. Nusu nyingine ilibaki nyuma ya pazia, na sikuhitaji tochi kujua ni ya aina gani: ni zile krimu za kung'arisha zenye haidrokwinoni, iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na ambayo ngozi inainyonya kwa kiasi cha asilimia 35 hadi 45. Ndiyo maana iko kwenye orodha ya kwanza kabisa ya vitu ambavyo mjamzito anakatazwa. Krimu ya zinki nikaipata. Soda nikaimaliza.

Nilidhani kazi imekwisha, kumbe mdogo wangu wa kike alikuwa amekuja kutusalimia na begi lake. Bafuni nikakuta kipande cha sabuni nisichokijua, na kwa kuwa mazoea yana taabu, nikageuza karatasi yake. Viungo: hakuna. Maelekezo yalikuwepo, yakimtaka mtumiaji asiiache sabuni iguse dhahabu, fedha, aluminiamu wala mpira.

"Wewe," nikamwita, "sabuni gani hii inaogopa pete?"

Akajibu kwamba ni nzuri, amepewa na rafiki yake.

Sabuni inayoogopa dhahabu inaogopa kwa sababu moja: ina zebaki, na zebaki ikikutana na dhahabu hushikamana nayo. Waulize wachimbaji wadogo wa Geita, ndivyo wanavyoikamatia dhahabu kutoka kwenye mchanga. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuagiza na kusafirisha nje vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki katika milioni, lakini sabuni hiyo haikuwa imesoma mkataba. Zebaki huharibu figo za anayejipaka, na kwa mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

"Lakini kaka, najipaka mimi. Mimba si yangu."

Mke wangu akamjibu kwa upole wa kutisha. Alimwuliza wifi yake anajifutia taulo la nani. Zebaki haibaki kwa mwenye sabuni, huhamia kwenye taulo, mito na mikono ya nyumba nzima. Taulo likafuliwa peke yake. Sabuni ikafungwa kwenye mifuko miwili, ikatolewa nje kwa heshima zote za bomu.

Mama yangu, aliyekuwa ameletwa na basi la Tanga siku hiyohiyo, alitazama yote hayo akiwa ameegemea mlango. "Sisi tuliwazaa ninyi," akasema, "na hatukusoma chupa hata moja." Nilitaka kumwambia kwamba hapakuwa na chupa za kusoma, nikaona heri ninyamaze. Yeye alikuja na mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe, liwa, na wanja wa jiwe wa kumpaka mtoto atakapozaliwa.

Siku ya kliniki nikabeba mkoba mzima. Baba akiongozana na mkewe hawakawii kuhudumiwa, kwa hiyo tuliingia mapema, na nesi akavimwaga vyote mezani, akavitenga kwa sekunde. Mafuta ya nazi, sawa. Zinki, sawa. Sabuni ya uso yenye salisiliki ya asilimia 2, ya kunawa na kusuuza, sawa, asijichubue nayo tu mwili mzima. Chunusi zikizidi, aulizie asidi ya azelaiki. Wanja wa jiwe akauweka kando kwa kidole kimoja: mara nyingi jiwe hilo ni madini ya risasi, si la mama wala la mtoto. Bi mkubwa alipoelezwa, alisema atauliza Tanga.

Halafu nesi akaingiza mkono chini kabisa ya mkoba, akatoa kifurushi cha gazeti. Ndani yake vipande vya pemba, ule udongo wa kutafuna.

"Na hii," akamwuliza mke wangu, "viungo vyake umesomewa?"

Kimya. Nikatazama bango la chanjo ukutani. Udongo huo umeshapimwa na watafiti kwenye maeneo ya machimbo huku kwetu, ukakutwa na arseniki na risasi, na mke wangu alikuwa akiutafuna muda wote nilipokuwa nikimsomea Kilatini. Nesi akamwandikia vidonge vya madini chuma, akabaki na pemba.

Krimu ya usiku bado iko juu ya kabati, imechotwa mara moja tu. Msomaji asiye mjamzito wala mwenye mpango huo aje tuelewane bei. Ya nyuma nitamsomea bure.